Doa Chini ya Gari na Mama Aliyedhaniwa Mlevi

Somo: 1 Samweli 1:1-18



Tunawasalimu kwa jina la Bwana ninyi nyote mlio hapa Mantapala, pamoja na ndugu zetu mnaofanya kazi Nchelenge boma na Kashikishi, na ninyi mlioteremka upande wa Mofwe kutafuta samaki na vibarua vya mashamba. Tunawasalimu kwa namna ya pekee wazee wetu ambao huu ni ukimbizi wao wa pili katika mkoa wa Luapula. Waliishi kambi ya Kala kule Kawambwa mpaka ilipofungwa mwaka 2010, wakarudi nyumbani, wakajenga, wakalima, na mapigano ya 2017 yakawavusha tena. Mungu azidi kuwatia nguvu.

Mwezi huu tunataka kusema nanyi juu ya gari. Tunajua kwamba wengine, mkisikia tu mchungaji anataja mafuta na taa, mkono umekwisha kufungua Mathayo 25 kwa wanawali kumi. Fungeni kwanza. Habari ya wanawali ina siku yake. Leo tunasema juu ya oili ya injini, taa za dashibodi, na Hana mke wa Elkana.

Gari la kanisa letu ni zee. Lilikuwa limekwisha kutumika Japani kabla halijaingia nchi hii, na vibandiko vya Kijapani bado viko kwenye kioo, hakuna kati yetu anayeweza kuvisoma. Lakini ndilo linaloamshwa usiku, mama anaposhikwa na uchungu, kituo cha afya kinaposema apelekwe hospitali ya St. Paul's Kashikishi na ambulansi iko safari nyingine. Injini ikifa katikati ya msitu usiku kama huo, hasara haitakuwa ya chuma peke yake. Ndiyo maana vijana wanaojifunza umakanika chini ya mwembe walituomba tuandike katika ukurasa huu yale wanayofundishwa, ili kila anayeshika usukani ayajue. Tuliketi nao siku tatu tukiandika. Na kadiri walivyozidi kueleza habari za oili, ndivyo tulivyozidi kuwaona watu wa kanisa letu.

DOA LINADANGANYA

Tuanze na doa. Jioni gari likiegeshwa mahali tambarare, fungua katoni ya sabuni uitandike chini ya injini. Asubuhi, kabla ya kuwasha, ivute utazame. Angalia rangi, gusa kwa kidole, nusa. Kitu cha kahawia au cheusi chenye utelezi ni oili ya injini. Chekundu mara nyingi ni cha giaboksi ya otomatiki au cha usukani. Maji ya kijani au ya rangi ya waridi, yenye harufu tamu, yametoka kwenye rejeta. Ukiona kitu chepesi, cha manjano hafifu au kisicho na rangi, kinachoteleza sana na kiko karibu na gurudumu, kidhanie kuwa mafuta ya breki, na gari hilo lisiondoke hapo hata kama askofu anasubiri kupokelewa.

Kisha pima oili. Injini iwe imezimwa muda wa kutosha ili oili iteremke yote chini. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja, basi usimwage dumu zima kwa woga. Oili ikizidi nayo inaleta shida. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia ndani. Gari la safari fupi fupi wakati wa baridi linaweza kuonyesha ukungu kidogo tu kwenye kifuniko, lakini kama na stiki yenyewe ina maziwa, usiwashe, mwite fundi.

Sasa tunafika mahali vijana walipotufungua macho. Mahali oili inapodondokea si lazima pawe mahali inapovujia. Juu ya injini kuna kifuniko ambacho mafundi wanakiita tapeti kava. Gasketi yake ikikauka kwa uzee na joto, oili inatoka huko juu kidogo kidogo, inateremka ubavuni mwa injini, gari likienda upepo unaisukuma nyuma, mwishowe inakusanyika chini ya sampu na kudondoka hapo. Mwenye gari anainama, anaona sampu imelowa. Analipa sampu ifunguliwe na gasketi mpya iwekwe. Baada ya wiki mbili doa liko palepale. Pesa imekwenda, fundi anaitwa mwizi, na kumbe sehemu iliyotengenezwa haikuwa na ugonjwa wowote.

Njia ya kweli ni ya polepole. Injini ikiwa imepoa, isafishe, ikauke vizuri. Nyunyiza poda ya mtoto pale unapopashuku. Endesha kama robo saa, zima, kisha angaza kwa tochi. Poda itakuonyesha njia oili iliyopita. Usitazame palipolowa zaidi. Fuata unyevu kwenda juu, mpaka mahali pa juu kabisa penye unyevu. Hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Wapendwa, sasa someni tena habari ya Hana mkiwa na tochi hiyo mkononi. Mwaka baada ya mwaka anapanda Shilo na mumewe, mwaka baada ya mwaka mke mwenzake Penina anamchokoza kwa sababu hana mtoto. Analia, hali chakula. Mumewe anampenda, hilo Biblia haifichi, lakini anachofanya Elkana ni kumwuliza mbona analia, na kama yeye si bora kuliko wana kumi. Ni mtu mwema anayepangusa sampu. Kisha Hana anaingia kuomba, midomo inacheza bila sauti, na kuhani Eli ameketi mlangoni anamtazama. Eli anaona doa: mama anayeyumba kwa uchungu na kusema bila kusikika. Hapohapo anakata shauri kwamba amelewa, na kumwambia aiache divai. Kuhani! Mtu wa kazi hiyo hiyo tunayoifanya sisi, tena mahali patakatifu.

Kinachotugusa ni kwamba Hana hakunyamaza wala hakutukana. Alimjibu kwa heshima kwamba hajanywa kitu, ila ni mwanamke mwenye moyo mzito, na kilichomwagika mbele za Bwana ni nafsi yake. Na Eli, tumpe haki yake, hakushikilia neno lake la kwanza. Alilibadilisha, akambariki.

Hapa makazini madoa ni mengi. Kuna baba aliyekuwa na mtumbwi na nyavu zake kule Pweto, mtu aliyelisha nyumba yake na ya kaka yake, na leo anaanza lutuku, ile wenyeji wanayoiita kachasu, jua likiwa halijapanda. Kuna mtoto wa miaka tisa anayekojoa kitandani, anachapwa kila asubuhi, na usiku anakojoa tena. Kuna mama anayegombana kwenye bomba la maji leo na huyu, kesho na yule, mpaka jina lake limekuwa mzaha. Na sisi viongozi, mara nyingi kazi yetu imekuwa ya kitambaa: baba asimamishwe meza ya Bwana, mtoto aombewe atoke pepo, mama aitwe kikao cha akina mama aonywe.

Hatusemi kwamba ulevi si dhambi. Oili iliyomwagika chini ni oili kweli, inachafua, na mtu aweza kuteleza akavunjika. Mke anayepigwa anaumia vilevile, hata kama mumewe aliona mambo mabaya njiani. Lakini tukifuta chini peke yake tutafuta mpaka Bwana arudi. Mwulize huyo baba, si mbele ya watu, jambo hili lilianza lini. Kabla ya lutuku kulikuwa na nini? Alilala vipi usiku wa kwanza baada ya kuvuka? Ni nani aliyebaki ng'ambo bila kuzikwa? Wengi wetu tulikimbia mapigano ya Tanganyika na Haut-Katanga, na kanisani tumeketi benchi moja watu ambao jamaa zetu walikuwa pande mbalimbali, Batwa na Baluba na wengine. Kuna unyevu unaoanzia huko juu, na kwenye bomba la maji unadondoka tu.

TAA NYEKUNDU SI ADUI

Tuje kwenye taa. Watu wengi wanafikiri ile taa nyekundu yenye alama ya birika la oili inasema oili imepungua. Sivyo. Katika magari mengi ya zamani inasema msukumo wa oili umeanguka, yaani oili haifiki inapotakiwa kufika. Vyuma vinavyozunguka ndani ya injini havigusani. Kati yao kuna utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikosekana, chuma kinasaga chuma, na injini yaweza kuharibika kabisa kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo taa hiyo ikiwaka ukiwa njiani, usiseme tutafika tu Kashikishi. Kaa pembeni, zima injini, pima oili. Kama imepungua, ongeza, kisha uwashe kwa muda mfupi uone. Taa ikibaki imewaka, zima, tafuta wa kukuvuta. Na kwa sababu inachelewa kusema, asiyepima kwa stiki na kungoja taa imwambie, amekwisha kuchelewa.

Taa za rangi ya machungwa ni habari nyingine. Ile ya umbo la injini ikiwaka bila kupepesa, endesha taratibu, upeleke gari likatazamwe siku hizo hizo. Ikipepesa, injini inaruka moto. Punguza mwendo na usiibebeshe mzigo. Taa ya betri ikiwaka njiani, fungua boneti utazame mkanda, maana katika magari mengine mkanda ule ule unazungusha na pampu ya maji, na injini itachemka kabla hujafika mbali.

Tumeona dereva mmoja, si wa kanisa letu, aliyebandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya taa ya oili kwa sababu ilikuwa inamsumbua macho usiku. Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa sababu karatasi hiyo tunaijua. Inaitwa "usilie, wewe ni mwana wa Mungu." Inaitwa "mwenye imani hana mawazo." Mjane anasema kwamba halali, kwamba akisikia pikipiki usiku moyo unataka kutoka, na dada mmoja mpendwa anamwambia aongeze maombi, basi. Maombi ni mema, tunayahubiri kila juma. Ila hapo yametumika kama gundi.

Na kuna jambo baya kuliko karatasi. Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa za hatari zote zinapaswa kuwaka, ndipo injini ikishika zizimike. Fanya hivyo kila mara, na hasa unaponunua gari. Kama taa ya oili haiwaki hata wakati huo, usifurahi. Balbu imekufa, waya umekatika, au aliyeuza ameing'oa ili gari lionekane zima. Gari lisilo na taa hata moja linapendeza macho ya mnunuzi, na laweza kuwa ndilo baya kuliko yote uwanjani.

Tumezoea kuulizwa "Muli shani?" na kujibu "Bwino" hata kabla ya kusikia swali. Kwa lugha yetu tunasema "tuko tu." Nyumba iliyopita yale mliyopita na hakuna anayelia ndani yake, hakuna mtoto anayeuliza baba yuko wapi, hakuna jina la marehemu linalotajwa mezani, nyumba hiyo haijapona kwa sababu imetulia. Geuzeni ufunguo siku moja mtazame kama taa zinawaka. Tajeni jina lake, huyo aliyebaki ng'ambo. Kama watu wote wanainuka na kutoka nje, mmejua kitu.

INJINI NAYO INAPUMUA

Hili la mwisho vijana walilitaja kama jambo dogo, sisi tukawaomba walirudie mara mbili. Moto wa injini unapowaka, gesi kidogo hupenya na kushuka chini kwenye oili. Kwa hiyo injini imewekewa njia ya kupumua: mpira mwembamba na vali ndogo. Katika gari zee vali hiyo inaziba kwa masizi. Hapo msukumo unapanda ndani, na kwa kuwa hauna mlango, unatafuta sili iliyochoka na kusukuma oili nje hapo. Fundi anabadilisha sili. Wiki mbili, inavuja tena. Anabadilisha nyingine, inavuja ya tatu. Sili zote zilikuwa nzima kiasi, kosa ni kwamba injini imenyimwa pumzi. Vali yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Katika magari mengi unaichomoa, unaitikisa, kama haichezi ndani imekwama.

Tazameni hata hekima ya waliotengeneza. Ule mvuke haumwagwi barabarani. Unarudishwa kwenye njia ya hewa, unachomwa humo humo ndani ya injini. Hana alimimina moyo wake, lakini aliumimina mbele za Bwana, na mtu mmoja tu aliyesikia sehemu yake alikuwa Eli. Hatusomi kwamba Eli alitoka mlangoni kwenda kuwaeleza wazee wa Shilo. Hakusimama kwenye sadaka akasema kuna mama fulani hapa, tumwombee, shida yake ni hii. Kanisa letu likitaka watu wapumue, siri ya mtu ichomwe humo humo kwenye maombi. Shemasi ambaye hawezi hilo apewe kazi ya viti.

Na watu wa kwanza wanaohitaji upumuo huo ni akina baba. Akina mama wetu wanalia pamoja wakitwanga, wanaimba, wanasukana nywele na kusemezana. Baba amefundishwa kwamba machozi ni ya wanawake, basi ndani yake msukumo unapanda tu, na sili ya kwanza kuachia ni mkono wake juu ya mtoto.

Lakini ziko siku za taa nyekundu, ambazo hatuna ruhusa ya kusema tutafika tu. Mtu akisema anataka kufa, hata kwa utani, hata kama amekunywa, usimwache peke yake usiku huo. Msindikize kituo cha afya. Mwanamke akisema mumewe ameshika panga, hatumwambii arudi kuvumilia. Alale kwenye nyumba ya wazee wa kanisa, na polisi waitwe. Hata Eliya, nabii mkubwa, aliketi chini ya mti jangwani akamwomba Mungu amwondolee uhai (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimlaza usingizi, akamtumia mkate na maji, akamlaza tena, akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Mazungumzo juu ya kazi yalikuja baadaye, mlimani.

Turudi kwa Hana kwa neno moja ambalo wahubiri wengi tunalirukia kwa haraka ya kumfikia mtoto Samweli. Aliondoka pale akala chakula, na uso wake haukuwa tena kama ulivyokuwa. Samweli alikuwa bado hajachukuliwa mimba. Penina alikuwa bado anamngoja kambini kwao Shilo na ulimi wake ule ule. Hakuna kilichokuwa kimebadilika nje, ila kwamba alikuwa amesema na kusikilizwa.

Kuanzia juma hili, Jumatano baada ya saa nane mchana, wazee wawili wanaume na mama wawili watakuwa wakiketi nyuma ya kanisa, akina baba upande wa mwembe na akina mama upande wa jiko. Hapatakuwa na mahubiri, hakuna sadaka, hakuna daftari la majina. Anayetaka kusema aseme, anayetaka kuketi tu aketi. Wazazi, mtoto anayekojoa kitandani asichapwe mpaka mmekuja kutuona.

Jumamosi asubuhi gari la kanisa litainuliwa juu ya magogo. Tapeti kava itafunguliwa, na vali ya upumuo itatazamwa. Vijana wanaomba katoni tupu, matambara safi, na kama kuna mama mwenye kopo la poda ya mtoto iliyobaki, watashukuru. Madereva wote watatu wafike kabla ya saa mbili, kila mmoja apime oili kwa mkono wake mwenyewe.